Tazama Kitungunguo

Mdogo wangu mpenzi,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo, wewe na hicho kiti chako cha kuzunguka ulichonitumia picha yake badala ya picha ya uso wako. Sisi huku hatujambo. Mimi nimenenepa kidogo, na anayenisifia kwa unene huo ndiye ninayeamka naye, kwa hiyo sina wasiwasi nao. Wewe je? Kile kikohozi kimekuacha? Unakula, au bado unakunywa chai na kuiita chakula? Mama anaendelea vizuri, goti lake limetulia, na anakuulizia kila mara kwa ile sauti yake ya mtu asiyetaka kuonekana anaulizia.

Nina kesi na wewe. Lakini kesi ina utaratibu wake, na nikianza na hukumu utaikunja barua hii uiweke chini ya kikombe. Kwa hiyo kaa vizuri na usome mpaka mwisho. Nimeiandika kwa mkono makusudi, usije ukatafuta neno moja tu na kuruka mengine yote.

Kwanza nikupe habari za ndoa, maana hukuziona kwa macho yako. Mdogo wangu, sikujua kwamba mtu anaweza kufurahi hivi na bado akaenda kazini. Tumepanga vyumba viwili juu ya duka la fundi cherehani. Asubuhi cherehani zikianza, kitanda kinatetemeka kidogo, na mume wangu husema nyumba nzima inashangilia kwa ajili yetu. Ana masikio yanayosogea akicheka. Huniwekea dawa kwenye mswaki kabla sijaamka, kisha anajifanya hajui nani kaiweka. Anapiga pasi vizuri kuliko mimi, na akinipigia gauni langu hulishika mabegani na kulitazama kama vile mimi nimo ndani. Anaponiita Malkia wa Printa, kwa sababu ya kazi yangu pale duka la kuchapa na kutoa fotokopi, nasahau nilikuwa nataka kumwambia nini. Basi niishie hapo, najua umeshaanza kukunja uso.

Sasa sikiliza mtu huyu wanavyomtesa.

Fungate yetu ilikatwa katikati. Tulikuwa bado tunakula mabaki ya keki kwa vidole, simu ikalia kutoka ofisini kwao. Ofisi yenyewe ni vyumba vitatu vyenye feni moja, watu wanatengeneza programu za kompyuta huku wakigombania upepo. Mkuu wao wanamwita Bwana Jumatatu, kwa sababu kila kazi anataka iwe imekwisha Jumatatu, hata aliyoitoa Jumapili. Walikuwa wamepata kazi ya hospitali: programu ya foleni, ile inayoita namba ya mgonjwa kwenye kioo ukutani na kumwambia aende chumba gani. Hospitali ilitoa sharti moja, kwamba makarani na wauguzi waweze kuisoma programu hiyo kwa macho yao na kuelewa inafanya nini. Kwa hiyo ikabidi waiandike kwa ile lugha mpya ya kompyuta ambayo maneno yake yote ni ya Kiswahili. Kama, sivyo, rudia mpaka, na kadhalika. Hakuna hata mmoja pale ofisini aliyekuwa akiijua.

Mume wangu anasema lugha yenyewe ni tamu. Aliisifia mbele yangu mpaka nikaona wivu. Tatizo ni kitabu chake cha rejea, kile kinachotakiwa kukueleza kila neno la lugha hiyo linafanya nini na linatumika vipi. Kwa kuwa macho yake yalichoka kwa kukisoma kwenye kioo cha kompyuta, alikuja dukani kwetu nikamchapia chote. Printa ilipata moto mpaka tukaipepea. Nikakitoboa, nikakitia waya wa kujikunja na jalada la bluu, nikakibusu, nikamkabidhi. Sikujua kwamba namtolea mume wangu mke wa pili kwa mikono yangu mwenyewe.

Ndivyo nilivyokiita tangu hapo, Mke Mwenza. Mke Mwenza analala katikati yetu. Mke Mwenza anakaa mezani tunapokula, na sahani yangu ndiyo inayosogezwa. Siku moja mama mkwe alikuja kututembelea, nami nikiwa jikoni nikawa namwambia rafiki yangu kwenye simu kwamba leo tena Mke Mwenza kajitandaza kitandani na mume wangu anamfunuafunua tu, mimi hata hanitazami. Nikasikia kikombe kinawekwa chini. Mama mkwe alimwita mwanawe sebuleni kwa jina lake lote, akamwambia afunge mlango akae chini. Akamuuliza huyo mwanamke ni wa wapi, na tangu lini, na kama ana haya hata kidogo, mtoto wa watu hata hina haijamfutika. Mume wangu maskini akasema, mama, hana mambo mengi, ana jalada la bluu na waya mgongoni. Nadhani hilo lilizidisha hasira. Ilibidi niingie na kitabu mkononi kumtambulisha. Mama mkwe alikipekua, akasoma ukurasa mmoja, akakirudisha mezani kwa ncha za vidole na kusema ingekuwa afadhali angekuwa mwanamke, angalau angeulizwa swali akajibu.

Na hapo ndipo hasira yangu ilipo. Hakijibu. Mimi ni mtu wa kidato cha nne, sijui kutengeneza programu, lakini Kiswahili nakisoma, na kitabu hicho kimeandikwa kwa Kiswahili. Jumamosi moja nilimwambia mume wangu, wewe chapa, mimi nitakutafutia maneno. Nikakaa naye dirishani, bega kwa bega. Jambo hilo lingekuwa raha kubwa kama isingekuwa kazi yenyewe.

Yeyote aliyepanga faharasa ya kitabu kile aliamua kwamba kila kitenzi kianze na ku. Kuandika, kuanza, kubadili, kufuta, kugawa, kuhesabu, vyote vimesongamana kwenye K. Ukiongeza vitu vinavyoanza na ki, basi K imekuwa kama mlango wa darasa kengele ikilia, na herufi nyingine zimebaki wazi kama viti vya mbele mkutanoni. Mtu mwenye akili zake, anayejua kwamba vitenzi vyetu vyote vinaanza hivyo, anawezaje kuviweka mahali pamoja kisha akaita huo ni mpangilio? Ni sawa na kupanga nguo za nyumba nzima kwa kufuata neno nguo.

Halafu kuna tazama. Ukitafuta kufuta unaambiwa tazama kuondoa. Ukienda kwenye kuondoa unaambiwa tazama kusafisha. Kusafisha nako kunakuambia, kwa adabu kabisa, tazama kufuta. Nilipojikuta nimerudi kwenye kufuta nilijihisi kama yule mtu anayetumwa dirisha hili hadi lile na makarani wanaokula karanga. Na palipo na ugumu kwelikweli, pale ambapo mume wangu amekaa ameshika kichwa, mwandishi ameandika: "Hatua hii ni nyepesi, haihitaji maelezo." Nyepesi kwa nani? Kama ni nyepesi, kwa nini asiieleze tu yaishe? Kwingine anasema thamani huwekwa kama kawaida. Kawaida ya nani? Mtu amefika mjini leo kwa mara ya kwanza, unamwelekeza akate kona pale pa kawaida.

Nilikuwa nimekasirika kiasi kwamba mume wangu aliacha kuchapa, akawa ananitazama mimi. Alisema nikikasirika napendeza. Nikamwambia aendelee na kazi, maana kupendeza kwangu hakutatulipia pango.

Na si utani, ndivyo ilivyokuwa. Programu ilikuwa inafanya kila kitu isipokuwa kimoja. Mgonjwa akiitwa kwa daktari, kisha daktari akamtuma maabara, akirudi na majibu yake namba inakuwa imepotea. Anaanza upya nyuma ya foleni. Siku waliyoijaribu kule hospitali palikuwa na mama mmoja mwenye mguu uliovimba. Alitumwa maabara, akarudi, hayupo kwenye kioo. Akatumwa kupigwa picha ya mguu, akarudi, hayupo. Alimwambia karani, na mume wangu akiwa amesimama pembeni, kwamba mashine yenu hii nikikaa inanijua, nikisimama hainijui. Mume wangu alirudi nyumbani siku hiyo hakula.

Mganga mkuu wa hospitali akasema mwisho wa mwezi ukifika bila hilo kurekebishwa, wao wanarudi kwenye kengele na kadi zao za zamani. Bwana Jumatatu naye akasema kazi hiyo ikiondoka, aliyeingia wa mwisho ofisini ndiye atakayetoka wa kwanza. Aliyeingia wa mwisho ni mume wangu. Na kwa mshahara wangu wa fotokopi vyumba hivi viwili hatuviwezi. Yeye angerudi kwa mjomba wake, wanakolala wanaume watatu chumba kimoja, mimi ningerudi kwa Mama, na tungekuwa tunatembeleana Jumapili kama wachumba, tena wachumba wenye cheti cha ndoa. Unaelewa sasa kwa nini nilikishikilia kile kitabu kama mtu anayetaka kukinyonga.

Dawa ya ugonjwa ule ilikuwa neno moja. Kitabu kilisema kwamba thamani inayosubiri mwenyewe arudi iwekwe kwenye kitungunguo.

Najua umesimama kusoma. Endelea.

Pale ofisini hakuna aliyewahi kulisikia neno hilo. Kamusi haina. Mmoja wao wanayemwita Profesa, kwa sababu ya miwani tu, alitangaza kwamba ni neno la kale la washairi, maana yake ngoma ndogo ya kufungua shughuli. Akaulizwa ushairi gani, akasema ushairi wa zamani. Mwingine akasema mwandishi amekosea kuchapa, alitaka kusema kitunguu, nao wakaandika kitunguu kwenye programu, kompyuta ikakataa. Profesa akasema basi jaribuni kitunguu saumu. Ndivyo wanavyofanya kazi watu wazima, mdogo wangu, na mimi siwalaumu. Nawalaumu waliowafikisha huko. Baadaye wakalitumia hivyo hivyo kwa kubahatisha, kama sanduku la kuhifadhia. Namba ikawa inaingia, lakini ukienda kuichukua mara ya pili hukuti kitu.

Basi Jumamosi ile, nikiwa nimekaa dirishani, nikakimbizana na neno hilo. Kitungunguo: tazama kuachia. Kuachia: tazama kuhifadhi kwa muda. Kuhifadhi kwa muda: tazama kitungunguo. Nikarudi tena, safari hii nikapekua ukurasa mmoja mmoja wa K yote, bila kuamini faharasa. Mwisho nikalikuta chini ya ukurasa, kwa maandishi madogo, maelezo yake yote: "Kitungunguo ni mahali pa kuachia kitu, ambapo wahusika wote wanapafahamu."

Hakuna kingine. Hakuna mfano, hakuna onyo. Mume wangu akaniuliza kama nimepata, nikamwambia subiri kidogo. Akaniuliza mbona macho yangu hivyo, nikamwambia ni vumbi la karatasi.

Halafu nikamwambia ajaribu kulifikiria neno hilo kama mahali pa kuachia ufunguo wa nyumba. Anayetoka wa mwisho anauweka, anayerudi wa kwanza anauchukua. Ukishauchukua, haupo tena pale, na anayefuata atapapasa ukuta mtupu. Kwa hiyo ukiutoa, hata kama ni kuutazama tu, lazima uurudishe. Mume wangu akageukia kompyuta yake. Akaniambia kwamba kile kioo cha ukutani, kila kikitaka kuonyesha namba, huwa kinaichukua kutoka kwenye kitungunguo. Kinaichukua na hakirudishi. Daktari akija kuitafuta, haipo. Masikio yake yakaanza kusogea. Akaandika kidogo tu, kuchukua kisha kurudisha, akajaribu, mgonjwa wetu wa kubuni akaenda maabara na kurudi na kukuta nafasi yake inamsubiri. Mume wangu alinibeba, mdogo wangu, na unene wangu huu, akanizungusha mpaka fundi cherehani akagonga dari yake kwa ufito.

Wiki iliyofuata waliipeleka hospitali. Nami niliomba ruhusa dukani nikaenda kuona. Yule mama wa mguu alikuwepo, akatumwa maabara, akarudi akiwa amejiandaa kabisa kugombana, mkono kiunoni. Kioo kikamwita. Alibaki amesimama, hana wa kumgombeza. Mwishowe akamwambia karani, haya, leo mmenitambua. Bwana Jumatatu amempa mume wangu barua ya kuajiriwa rasmi, na kwa mara ya kwanza aliitoa siku ya Alhamisi.

Mume wangu ameniuliza mara nyingi nilijuaje. Nimemwambia tu kwamba kwetu tulikuwa na kitu kama hicho. Sikumwambia zaidi, kwa sababu ameapa kwamba akimpata mwandishi wa kitabu kile atamfungia chumbani pamoja nacho, na asimtoe mpaka apate humo maelezo ya jinsi ya kufungua mlango.

Sasa tuje kwenye kesi yetu.

Hakuna kamusi yenye neno hilo kwa sababu ulilitunga wewe. Ulikuwa hujaota meno yote. Mama alikuwa akisema ufunguo uko kwenye kitundu, pale nyuma ya pipa la maji palipotoka tofali, na wewe ukayafinyanga maneno yote mawili kuwa moja kwa ule ulimi wako mzito, kitundu na ufunguo, kitungunguo. Tukacheka, kisha tukaacha kucheka, likawa neno letu. Kila tulichoachiana kilikuwa kitungunguo. Mama akitoka alikuwa akisema nimekuwekeeni kitungunguo, na aliyechukua ufunguo bila kuurudisha alilala na masikio ya moto. Duniani kote wanaolijua neno hilo ni watu watatu. Mama hajui kuwasha kompyuta. Mimi sikuandika. Nimehesabu, nimebaki na wewe.

Kitabu hakina jina la mwandishi, na sasa najua kwa nini. Sijui uliwashawishije wenzako waliokaa kutunga lugha nzima wakubali neno la mtoto wa mapengo. Uliponiambia kazi yako ni kuandika andika mambo ya kompyuta, sikujua kwamba unaandika namna hii. Na uliponiambia huwezi kuja harusini kwa sababu kuna kazi kubwa ya kuandika lazima iishe, nilikuelewa, nikawaambia watu kaka yake bibi harusi ana majukumu mazito. Mpiga picha alipotupanga kwa picha ya familia alituambia tusogeleane, tuzibe lile pengo. Mama alikataa. Alisema hapo pana mtu. Picha tunayo ukutani, na pengo limo, kati ya Mama na mimi. Kumbe wakati ule mwenye pengo lake alikuwa amekaa kwenye kiti cha kuzunguka anaandika tazama kuondoa, tazama kusafisha, tazama kufuta. Ulikosa harusi yangu ili uandike kitabu kilichokuja kunivunjia fungate. Mtu mmoja, makosa mawili, dada yule yule.

Nimekasirika, na sitaki uchukulie kuwa ni utani kwa sababu tu naandika nikicheka hapa na pale. Umeandika kama unavyoongea nyumbani, ambako ukisema pale kila mtu anajua ni pale gani. Wanaokisoma kitabu chako hawakulelewa na Mama. Hawajui pipa letu. Rudi ukaandike upya. Ivunje hiyo K. Kila unapotaka kuandika ni nyepesi, mfikirie yule mama wa mguu. Na kwenye kitungunguo, andika wazi kwamba ukichukua urudishe, kabla hujawaharibia wake wengine ndoa zao changa.

Lakini nikueleze na hili, kwa kuwa wewe ni mdogo wangu wa tumbo moja. Nilipolikuta neno lile chini ya ukurasa, kwa maandishi madogo, kabla hasira haijapanda nilisikia harufu ya lile pipa. Nilijua kwamba uko mbali na unatukumbuka, na kwamba hukujua njia nyingine ya kusema hivyo ila kulificha kwenye lugha ya mashine. Lile halikuwa vumbi la karatasi. Mama nimemweleza. Aliuliza tu kama umeandika pia kwamba asiyerudisha hupigwa.

Njoo utuone. Mume wangu anakusalimu sana, bila kujua anamsalimu nani. Anasema ana hamu ya kumwona shemeji yake ambaye hata picha yake hana. Siku utakayoingia ndipo nitakapomwambia, na usiogope, mtu huyu hata nzi anamfungulia dirisha. Mama mkwe naye anakusalimu, na Mke Mwenza pia, sasa analala juu ya kabati. Wasalimie wenzako, waambie nina maswali. Funika kifua ukitoka asubuhi, na ule chakula cha kutafuna.

Na ukija ukakuta tumetoka, usikae ngazini kama mgeni. Ufunguo uko kwenye kitungunguo. Hatua hii ni nyepesi, haihitaji maelezo.

Ni mimi dada yako mwenye hasira na furaha,
Malkia wa Printa